Kanyenye Mbili: Juu ya Kuyatoa Maandishi Katika Daftari za Kompyuta

Kata ya Kanyenye imo ndani ya mji wa Tabora, na mwenyeji wa mji huo hana haja ya kuelezwa ilipo. Lakini palikuwa na Kanyenye nyingine. Hiyo ilikuwa Ugogo, mwendo wa siku nyingi mashariki ya Unyanyembe, juu ya njia ile ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Richard Burton aliipita mwaka 1857 na Henry Stanley mwaka 1871, na wote wawili walimtaja mtemi wake, Magomba, na hongo aliyowatoza wapitao. Majina haya hayapishani hata kwa herufi moja. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuweza kuyachanganya, kwa sababu miguu yake ilijua ipi ilikuwa nchi ya kulipa hongo na ipi ilikuwa nyumbani. Msomaji aliyeketi mezani miaka mia na hamsini baadaye, akiokota kipande cha karatasi kilichoandikwa kwamba msafara ulikaa Kanyenye siku tatu na watu wawili wakaugua, hana miguu hiyo. Maneno yote anayo mkononi, na hajui yanasema juu ya mahali gani.

Jambo hili, dogo kama lilivyo, ndilo kiini cha swali lililowafikia watu wengi wa kalamu katika zama hizi bila ya wao kulitafuta. Zimetokea programu za kompyuta na za simu ambazo kazi yake ni kuwa daftari la mtu mmoja: mahali pa kuweka dondoo za vitabu, majina ya watu na nasaba zao, masimulizi yaliyonukuliwa kutoka vinywani mwa wazee, picha za barua kuukuu, na mawazo yaliyokuja usiku yakaogopewa kupotea kabla ya alfajiri. Uzuri wake mkubwa ni kuunganisha. Mtafiti wa historia ya Unyamwezi aweza kuandika ukurasa juu ya Mirambo, akaufunga na ukurasa wa Urambo, na huo akaufunga na ukurasa wa bei ya pembe, hata daftari likawa kama mji wenye vichochoro ambavyo mwenyewe hupita gizani bila kujikwaa. Sifa za vichochoro hivyo zimeandikwa mno. Habari ya kutoka mjini imeandikwa kidogo.

Kila programu ya namna hii ina mlango wa kutokea, aghalabu umewekwa mbali katika orodha ya mipangilio ambako mgeni hafiki. Mwenye daftari akibonyeza hapo, hupewa faili moja au furushi la mafaili, na huambiwa kwamba hizo ndizo data zake zote. Watu wengi hulipokea furushi hilo, wakaliweka katika diski, wakaridhika, wasilifungue kamwe. Huku ni kukosea aina ya kitu walichopewa. Kilichotoka mlangoni ni toleo jipya la maandishi, lililotengenezwa na mhariri asiyeonekana, ambaye ameamua kipi kiendelee kuwapo na kipi kiachwe. Toleo lolote lafaa kuhakikiwa, na hili pia.

Tabora inao mfano wake wa kazi hii, wa zamani kuliko kompyuta zote. Kilomita chache kutoka mjini liko tembe la Kwihara, ambalo limehifadhiwa kama makumbusho. David Livingstone na Stanley walifika hapo pamoja mwezi wa Februari 1872, wakitoka Ujiji. Tarehe 14 Machi Stanley alishika njia ya pwani, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi na vifaa hata tarehe 25 Agosti. Kabla ya kuagana, Livingstone alimkabidhi mwenzake daftari kubwa la safari zake tangu mwaka 1866, likiwa limefungwa na kutiwa lakiri, lipelekwe Uingereza kwa binti yake Agnes wala lisifunguliwe njiani. Wataalamu huliita Jarida la Unyanyembe. Mtu aliyekuwa na ugonjwa wa muda mrefu, asiyejua kama ataiona pwani tena, aliyatoa maandishi yake nje ya nchi alimokuwamo, akayatanguliza.

Yafaa kutazama kwa makini kilichokuwamo katika mzigo huo na kilichobaki nje. Jarida halikuwa maandishi ya kwanza. Livingstone alikuwa na desturi ya kuandika kwanza katika vijitabu vidogo vya safarini, kisha, apatapo utulivu, kunakili na kupanga katika daftari kubwa. Mwaka 1871, alipokuwa Nyangwe katika nchi ya Manyema, karatasi zilimwishia na wino ukamwishia. Akachukua kurasa za gazeti la zamani, Standard la London, akazigeuza ubavu, akaandika kukatisha mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kutoka katika mimea ya nchi hiyo. Katika karatasi hizo ndimo alimoandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku watu wa kambi ya wafanya biashara walipofyatua bunduki juu ya soko la Nyangwe lililojaa wanawake, na wengi wakafa maji katika mto Lualaba. Hapana ushahidi mzito kuliko huo katika maandishi yake yote.

Habari ile alikuja kuinakili katika jarida. Baada ya kufa kwake, Horace Waller alilihariri jarida pamoja na vijitabu vya baadaye, na kitabu kikatoka London mwaka 1874 katika juzuu mbili. Kwa hiyo kisa kimoja kilihama mara mbili kabla ya kumfikia msomaji: kutoka gazeti hadi jarida kwa mkono wa mwenyewe, na kutoka jarida hadi kitabu kwa mkono wa mwingine. Mwaka 1987 Dorothy Helly aliandika kitabu kizima juu ya Waller na kazi yake, akionyesha namna mhariri huyo alivyokata na kulainisha ili Livingstone wa kitabuni afanane na Livingstone aliyependwa na Waingereza. Hilo halishangazi sana, kwani wahariri ndivyo walivyo. La kushangaza zaidi lilikuja mwaka 2011. Karatasi za gazeti zilikuwa zimefifia hata zikawa hazisomeki, na kundi la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki likazipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, mpaka wino uliopotea ukajitenga na chapa ya gazeti. Hapo ilidhihirika kwamba mnakili wa kwanza, yaani Livingstone mwenyewe, naye alikuwa mhariri. Mambo aliyoyaandika Nyangwe juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake hayakuingia jaridani kama yalivyokuwa. Yale yaliyomtia wasiwasi juu ya watu wake yalipunguzwa, na picha ya wenye hatia na wasio na hatia ikawa safi kuliko alivyoiona siku ile.

Mtu aweza kuuliza kama nakala ile, basi, ilikuwa hiana. Jibu la haki ni gumu kidogo. Barua alizozichukua Stanley zilieneza habari za Nyangwe mwaka 1872, na habari hizo ziliongeza nguvu ya madai yaliyofikisha mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao kwao Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja. Kama Livingstone angalisubiri kuyasafirisha magazeti yenyewe, na wino wake unafifia, dunia isingalisikia lolote kwa wakati. Kuhamisha kuliiokoa habari, na kuhamisha huko huko kukaibadili. Kosa halikuwa kunakili. Dhara lilitoka kwa wasomaji wa baadaye, waliosahau kwamba walikuwa na nakala mikononi, wakaisoma kana kwamba ndiyo ile siku ya sokoni. Bahati ni kwamba magazeti hayakutupwa. Mwenye daftari la kompyuta anayefuta asili yake siku ile ile apatapo furushi amekata njia ambayo Wisnicki na wenzake waliipitia.

Kuna upande wa pili wa kisa hiki, na huo aghalabu husimuliwa kwa ajili ya huruma tu, wala si kwa ajili ya elimu iliyomo. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwezi wa Mei 1873, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliubeba mwili wake, na pamoja nao karatasi na vyombo. Jacob Wainwright, kijana aliyejua kuandika, aliorodhesha vitu vya marehemu. Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba walimkuta Luteni Cameron, ambaye aliona heri maiti izikwe huko huko. Hawakukubali, wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mwaka huo huo Susi na Chuma walifika Uingereza, wakakaa na Waller alipokuwa akizipanga zile karatasi, wakimweleza mito, vijiji, watu na mapito ambayo maandishi yaliyataja kwa neno moja au hayakuyataja kabisa. Hapa ndipo elimu ilipo. Karatasi zilikuwa zimefika salama, na bado hazikutosha. Mzigo ulihitaji wale walioubeba wakae mezani kuufafanua. Livingstone aliandika kwa kifupi kwa kuwa viungo vya maneno yake vilikuwa kichwani mwake. Alipokufa, sehemu ya viungo hivyo ilikuwa imebaki katika vichwa vya Susi na Chuma, na laiti wangalikufa njiani kwa homa, vijitabu vile vingalikuwa rundo la majina.

Mfano mwingine u karibu zaidi na Kiswahili chenyewe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mwana wa Muhammad bin Juma, aliyekaa Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Katika uzee wake huko Unguja, kwa kuombwa na Heinrich Brode, aliandika maisha yake kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Brode aliyageuza maandishi hayo kuwa herufi za Kirumi, akayatoa Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Zaidi ya nusu karne baadaye, W. H. Whiteley alitoa tafsiri ya Kiingereza, ikachapwa kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959. Msomaji wa leo wa kitabu hiki, hata akiwa Mswahili wa damu, asoma kitu kilichokwisha kutolewa katika chombo chake cha kwanza.

Mwandiko wa zamani wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu haukuwa na alama ya kutenga e na i, wala o na u. Be ilitumika kwa b na kwa p, na mara nyingi m iliyotangulia herufi hiyo haikuandikwa. Kwa mwandiko wa namna hiyo, neno pembe na neno bibi yaweza kuonekana mamoja. Katika kitabu cha mfanya biashara ya pembe za ndovu, anayesimulia pia ndoa na ukoo, hili si jambo la mzaha tu. Mswahili aliyezoea hakukosea, kwani maana ya sentensi ilimpa sauti ya neno. Brode alipogeuza, ilimpasa kuchagua sauti moja kwa kila neno na kuifunga humo daima. Wasomaji wengi wameshukuru kwa uchaguzi wake. Wachache wamekumbuka kwamba ulikuwa uchaguzi.

Hata hivyo, kazi ya Brode yafaa kusifiwa kuliko ya Waller, na sababu yake ni moja: aliyatoa maneno ya Kiswahili yenyewe, si tafsiri peke yake. Mwendo wa Tippu Tip ungali humo, ule wa haraka, wa mtu ahesabuye frasila na siku za njia, asiyekaa kueleza moyo wake ila kwa kupitia maneno waliyoambiana watu. Upungufu ulio mkubwa si wa Brode. Tippu Tip hatoi tarehe ila kwa nadra. Safari moja yafuata nyingine, na msimulizi aridhika, kwa kuwa yeye alikuwapo. Ilibidi toleo la Whiteley litanguliwe na maelezo ya kihistoria ya Alison Smith ili msomaji ajue mwaka gani ni mwaka gani. Alison Smith alifanya kwa elimu kazi ambayo Susi na Chuma walimfanyia Waller kwa kumbukumbu.

Mizani hii, iliyopatikana Kwihara na Unguja, yaweza sasa kuwekwa mbele ya programu zenyewe. Kwanza iulizwe kama haja ipo. Ipo. Google Notebook ilifungwa mwaka 2012, na Springpad ikafungwa mwaka 2014, na wenye daftari humo wakapewa muda wa kuhama. Evernote, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2008 na kupendwa sana, ilinunuliwa na kampuni ya Bending Spoons ya Italia kwa mapatano yaliyotangazwa Novemba 2022. Mwishoni mwa mwaka 2023 daftari la bure likawekewa mpaka wa maandishi hamsini. Mwenye nyumba ana haki ya kupandisha kodi. Mpangaji naye yampasa kujua kama kitanda chake chapita mlangoni.

Evernote hutoa faili la aina iitwayo ENEX. Ndani yake maneno yamo yote, picha zimo, lebo zimo, na tarehe za kuandikwa na kurekebishwa zimo. Kwa upande wa tarehe, imempita Tippu Tip mbali. Lakini viungo vya ndani, ambavyo kwavyo ukurasa mmoja humwita mwenzake, huelekea kwenye Evernote yenyewe, na nje ya hapo haviiti mtu. Jina la daftari ambamo maandishi yalikuwamo halimo ndani ya faili. Hubaki katika jina la faili tu, na mwenye haraka akilibadili jina hilo, mpangilio umekwenda. Mtafiti aliyekuwa na daftari moja la "Njia ya Ugogo" na jingine la "Tabora mjini" atakuta kurasa mbili zenye kichwa cha Kanyenye, na kilichokuwa kikizitofautisha kilikuwa kabati lililoachwa nyuma.

Notion hufanya vingine. Hutoa kurasa kwa maandishi ya kawaida ya Markdown na majedwali kwa faili za CSV, na huongeza mwishoni mwa kila jina la faili mkia wa herufi na tarakimu 32. Kanyenye mbili zitatoka zikiwa mbili kweli, wala hazitachanganyika; ila kinachozitenga ni mkia usiomwambia binadamu lolote, mithili ya wapagazi wawili waliopewa namba wakanyang'anywa majina. Mitazamo ya jedwali, kalenda na ubao, ambayo pengine ilimchukua mwenyewe miezi kuipanga, haihami. Google Keep, kwa njia ya huduma iitwayo Takeout, hutoa kila andiko katika sura mbili, moja ya kusomwa na mtu na moja ya kusomwa na mashine. Katika hiyo ya pili wakati huandikwa kwa hesabu ya sehemu za milioni za sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Tarehe haikupotea. Imevaa nguo ambayo mwenyeji hamtambui aliyeivaa.

Sheria imeanza kuzisukuma kampuni. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 katika kifungu cha 38, zampa mtu haki ya kupokea data zake katika umbo lililopangwa na kusomeka na mashine. Haki hii ni njema na haikupatikana kwa urahisi. Yamkini, hata hivyo, faili ikatimiza kila neno la sheria na bado ikamwacha mjukuu wa mtafiti mahali pale pale alipokuwa Waller kabla Susi na Chuma hawajaingia mlangoni.

Ipo programu ya nne, Obsidian, iliyotokea mwaka 2020, ambayo wapenzi wake husema kwamba haina haja ya mlango kwa sababu haina ukuta: maandishi hukaa tangu mwanzo katika kompyuta ya mwenyewe kama faili za maandishi matupu, na kiungo ni jina la ukurasa lililowekwa kati ya mabano mawili ya mraba. Madai yao yana chumvi. Orodha zinazojikusanya zenyewe kwa msaada wa programu jalizi, zikisomwa kwingine, hubaki amri tupu isiyotiiwa na mtu. Lakini katika jambo la Kanyenye programu hii ina fadhila isiyotangazwa, nayo inatoka katika umaskini wake. Kompyuta haikubali faili mbili za jina moja katika folda moja. Mtafiti akijaribu kuandika Kanyenye ya pili, hukataliwa. Hulazimika kutua kalamu, kufikiri, na kuandika "Kanyenye ya Ugogo". Tofauti iliyokuwa kichwani mwake imekuwa neno, na neno laweza kubebwa kwenda kokote. Programu zilizo tajiri zaidi humwezesha kuahirisha fikira hiyo, na kuahirisha huko ndiko kunakokuja kudaiwa siku ya kuhama.

Wako watakaosema kwamba huku ni kuwabebesha waandishi mzigo usio wao. Kwamba dondoo ni jikoni tu, na mgeni hula chakula bila kuonyeshwa jiko. Tena mtu akiandika huku akimfikiria msomaji wa baada ya kufa kwake, ataacha kuandika kwa uhuru. Hoja hii ina uzito. Daftari lililojaa maelezo kwa ajili ya wageni ni chapwe, na wengi wameacha kuandika kabisa kwa kuhangaikia mpangilio. Lakini magazeti ya Nyangwe nayo yalikuwa jikoni. Hakuyaandika Livingstone kwa ajili ya chapa, na ndiyo yaliyokuja kusema alichokinyamazia jarida. Katika nchi ambayo sehemu kubwa ya historia yake ilikuwa vinywani, na ambayo vinywa hivyo vinaendelea kufumbwa kila mwaka, daftari la mwalimu aliyeketi na wazee wa Tabora akanakili majina ya vijiji na nyimbo za wapagazi laweza kuwa asili pekee iliyopo. Jikoni humo ndimo palipo na chakula chote.

Wala mzigo si mkubwa kama unavyodhaniwa. Kila msafara ulikuwa na kirangozi, aliyetangulia mbele akiwaonyesha wengine pa kupita. Hakubeba yote yaliyobebwa, alijua tu njia. Furushi la maandishi laweza kupewa kirangozi wake: ukurasa mmoja wa maneno ya kawaida, ukitangulia mengine yote, ukisema daftari ni la nani, lilianza lini, lebo zake fupi zina maana gani, "M.S." ni nani, alama nyekundu ilimaanisha shaka au uhakika, frasila imehesabiwa kwa ratili ngapi, na Kanyenye ni zipi. Ukurasa huo mashine haiwezi kuuandika kwa niaba ya mwenyewe, kwa kuwa habari zake hazimo ndani ya mashine. Wa kuuandika ni yeye aliye hai, na saa ya kuuandika ni kabla ya kampuni kutangaza siku ya kufunga, kwa maana barua ya namna hiyo huja na hesabu ya siku, na mtu mwenye siku thelathini huokota alichoweza.

Tena furushi sharti lifunguliwe. Si kwa programu ile ile iliyolitoa, ambayo bila shaka italipokea kama mama ampokeavyo mwanawe, bali kwa nyingine, katika kompyuta nyingine, mbele ya macho mengine. Mtafiti wa Tabora na alipeleke kwa rafiki aliye Dodoma au Mombasa, asiyewahi kukanyaga Unyamwezi, amwombe asome kurasa kumi zozote na kuuliza kila asichokielewa, naye aandike majibu pembeni palipo na swali. Rafiki atasoma kimya kitambo. Kisha atainua uso na kuuliza, Kanyenye ipi hii?